Nilivyofukuzwa Ukocha na Filamu

Jumapili, 11 Mei

Nimepoteza ukocha wa binti yangu. Jana Jumamosi, saa mbili na nusu usiku, sebuleni kwangu, mbele ya runinga niliyoinunua kwa jasho langu. Hakuna barua. Hakuna onyo. Filamu ilikuwa haijafika hata nusu!

Naandika ilivyokuwa, maana nyumba hii kila mtu ana maelezo yake na yangu hayasikilizwi.

Rahima anakimbia mita elfu tatu. Yuko kidato cha pili. Jumamosi ijayo wilaya inachagua wasichana watatu wa kwenda kushindana Mbeya. Tangu mvua za Aprili kasi yake imeshuka asilimia nne. Kwenye mzigo wa parachichi asilimia nne ni uozo wa kawaida, hakuna atakayekuuliza. Kwenye mita elfu tatu ni mita mia moja na ishirini. Ndani ya mita mia moja na ishirini wanaenea wasichana wote wa Lupepo, na madumu yao ya maziwa kichwani.

Nikasema huyu anataka kutiwa moyo. Nikaenda kwa Jackson, yule mwenye ndevu anayejaza filamu kwenye flashi jirani na stendi. Nikamwagiza filamu ya michezo, ya kuamsha mtu, na iwe imetafsiriwa. Mama yangu hasomi maandishi ya chini, na mke wangu anasema hakuolewa ili aje asome gizani. Jackson akanipa ya kijana wa milimani anayekimbia pekupeku. Akaapa kwamba kila aliyeichukua amerudi na macho mekundu.

Nikawapanga. Mama yangu, Bi Tausi, kwenye kochi na blanketi lake. Mama Rahima pembeni yake. Rahima mkekani, mbele kabisa, ujumbe umfikie yeye kwanza. Shemeji Ramadhani, kaka yake Mama Rahima, bodaboda wa Ibighi, hakualikwa. Alisikia harufu ya ndizi na nyama akaingia.

Tukaanza vizuri. Kijana anakimbia, mvua inanyesha, muziki unapanda. Halafu kocha wake anamwita katikati ya kijiji. Anampandisha kwenye mizani ya ng'ombe. Anasoma kilo kwa sauti, watu wanacheka. Na mtafsiri, badala ya kutafsiri, anaanza kutoa hukumu: "Oneni roho mbaya hii jamani! Mtu anampima mwenziwe kama mbuzi wa mnada!"

 Vichwa vikaanza kunigeukia, kimoja baada ya kingine. Cha mwisho ni cha mama yangu, aliyenizaa.

Ieleweke. Mimi sikutumia mizani ya ng'ombe. Nilitumia mizani yangu ya parachichi, ya kuning'iniza, safi, yenye muhuri. Ndiyo, ilibidi Rahima akae ndani ya gunia. Ndiyo, ilikuwa uani na wachumaji wangu walikuwepo. Lakini kilo sikuzitangaza! Nilimnong'oneza jirani yangu Andongwisye tu. Andongwisye ndiye mwenye sauti.

Rahima akainuka akaenda chumbani. Hakubamiza mlango. Angebamiza ningejua la kufanya.

Kwenye filamu kijana akamfukuza kocha wake. Sebule nzima ikapiga makofi. Mama Rahima akasema, bila kunitazama, kwamba kuanzia kesho mtoto atasimamiwa na mjomba wake. Nikauliza Ramadhani ana sifa gani. Akajibu kwamba Ramadhani amelia.

Ni kweli. Alikuwa bado analia, mfupa mkononi.

Jumatatu, 12 Mei

Utawala mpya umeanza. Alfajiri, ukungu mzito, Ramadhani yuko getini na pikipiki yake, anapiga honi. Rahima anakimbia mbele, yeye anamfuata nyuma amewasha taa. Hana saa. Hana karatasi. Nimewasikiliza kupitia dirishani. Anachofanya ni kumuuliza: "Unajisikiaje, mjomba?" Wanapanda kilima: unajisikiaje. Wanashuka: unajisikiaje.

Unajisikiaje! Parachichi haliulizwi linajisikiaje. Linaminywa.

Mimi nilianza na ndoo moja ya parachichi pale Makandana, nimekaa juu ya tofali. Hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Leo nina wachumaji kumi na wawili. Nimefika hapa kwa kupima. Mwanangu anapimwa kwa machozi ya bodaboda.

Jambo jingine. Siku zote Rahima akifika getini huvua sweta lake akanirushia kichwani. Hasemi kitu, ananitupia tu, mimi najifanya nimekasirika, anaondoka anacheka. Leo nilisimama pale getini, kwa shughuli zangu. Amenipa shikamoo. Sweta amelifunga kiunoni akaenda nalo.

Nimepiga hesabu. Sweta la sufu, gramu mia nne. Likinywa ukungu, mia sita. Mtoto anakimbia na parachichi tatu kiunoni! Nimemweleza Mama Rahima hatari hiyo, kitaalamu kabisa.  Akaniuliza kama kweli kinachoniuma ni gramu.

Sikumwelewa.

Jumanne, 13 Mei

Nina mpango.

Filamu ndiyo iliyonitoa, filamu ndiyo itakayonirudisha. Nimekwenda kwa Jackson nikamwambia nataka ya michezo ambayo baba ndiye kocha na baba ndiye yuko sahihi. Akakuna ndevu. Akasema haijatengenezwa. Akasema katika filamu zote baba anakuwa na makosa mpaka karibu na mwisho, anaomba msamaha kwenye mvua, ndipo wanakumbatiana. Nikamwambia mimi sina cha kuomba msamaha na mvua ya Tukuyu naijua, itanipa homa tu.

Ndipo nikaona kipaza sauti mezani kwake. Kumbe Jackson naye anatafsiri! Hajui Kikorea wala Kichina. Anaangalia nyuso, anajaza maneno. Anasema wakubwa wote walianza hivyo.

Tukachagua moja. Msichana mkimbiaji, lugha ya mbali, hakuna mtu Rungwe nzima anayeifahamu. Ndani yake kuna mwanamume mwenye kofia ya kahawia. Mtu makini! Saa mkononi muda wote. Hacheki. Anasimama pembeni ya uwanja anamtazama yule msichana na kuandika namba. Nilimpenda papo hapo. Nikamwambia Jackson: huyu ndiye baba. Kila kofia ikitokea, sema baba. Kila baada ya muda ongeza "baba mpenzi" au "baba anayejali". Kazi nyepesi. Malipo kreti moja ya parachichi, daraja la kwanza.

Jackson akauliza kama tusiiangalie kwanza mpaka mwisho. Nikacheka. Mimi nanunua kreti kwa kuangalia safu ya juu, na sijafilisika mpaka leo. Mwanamume mwenye saa mkononi habadiliki. Nikaangalia mwanzo wake, nikaridhika, nikaenda kwenye mzigo.

Akaniomba basi nimpe maagizo yawe wazi, maana yeye akianza kurekodi huwa hasimami. Nikampa. Yalikuwa wazi sana.

Ijumaa, 16 Mei. Asubuhi.

Sijui nianzie wapi.

Jana baada ya isha niliwakusanya. Mama Rahima alikuwa na wasiwasi, akauliza hii nayo nimeitoa wapi. Nikasema ni sadaka yangu ya amani. Hata Ramadhani nilimwalika mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikampa kigoda kizuri. Nilitaka aone.

Rahima alikataa kutoka chumbani. Bibi yake akamwita, akamwambia aje amshikie blanketi. Akaja. Akakaa mkekani, mbali na kiti changu kadiri mkeka ulivyoruhusu.

Mwanzo ulikuwa asali! Kofia ikatokea, Jackson kwa sauti nzito: "Huyo hapo ni baba yake. Baba anayejali. Baba ambaye namba zake ni mapenzi." Namba zake ni mapenzi! Hilo sikumwagiza, kalitoa moyoni. Mama yangu akasema huyo mzee ana heshima. Mama Rahima akasogeza sahani ya karanga upande wangu. Na Rahima, niliona kwa jicho la pembeni, akajisogeza kidogo kidogo mpaka bega lake likagusa mguu wa kiti changu. Si mguu wangu. Wa kiti. Lakini kiti ni changu.

Umeme ukakatika.

Mvua ilikuwa inapiga bati kama watu wanamwaga mahindi. Mama yangu akasema basi, tumeona, ni filamu nzuri, tukalale. Mama Rahima naye akasema inatosha. Ramadhani alishavaa koti. Wote walikuwa upande wangu! Ningelala nikiwa kocha!

Mimi nikasema hapana. Filamu ya kutia moyo haikatizwi. Nikatoka mvuani, nikateleza kwenye tope la mgomba, nikagonga kwa Andongwisye kuazima betri ya gari na kile kifaa chake cha kugeuza umeme. Akaniuliza kwa nini nahema. Nikamwambia ninaokoa nyumba yangu. Akasema: "Gwe, wewe Zuberi, nyumba haiokolewi na betri." Lakini alinipa. Nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga, nikawarudisha wote kwenye viti. Kwa mikono yangu mwenyewe!

Tukaendelea. Msichana yuko chumba cha kubadilishia nguo, amelala. Kofia inaingia polepole. Jackson: "Baba anakuja kumtazama mwanawe." Kofia inafungua chupa ya maji ya msichana. "Baba anamwekea mwanawe... anamwekea unga... ni dawa ya nguvu. Baba mpenzi." Msichana anakunywa, anaingia uwanjani, anaanguka. Kofia inacheka kule jukwaani na kupeana mkono na mtu mnene.  Halafu, wazi kabisa, kutoka ndani ya runinga, sauti ya Jackson ikiwa ya chini na yenye mashaka: "Mzee Zuberi, huyu bado ni baba?"

Alirekodi! Lile swali alilirekodi!

Nilijitupa kwenye rimoti. Ramadhani alikuwa ameikalia. Kwenye kioo polisi wakaingia, wakamvua kofia, wakamfunga pingu. Na Jackson, mtu wa kutii maagizo mpaka mwisho, akatangaza: "Baba anayejali anapelekwa mahabusu. Kwaheri baba mpenzi."

Ramadhani alianguka kutoka kwenye kigoda. Alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji, halafu akaomba aonyeshwe kwanza ndani ya glasi kama hakuna unga. Mama yangu alisema marehemu baba yangu naye alikuwa mjanja, ila yeye ujanja wake alikuwa anauangalia mpaka mwisho kabla ya kuuonyesha watu.  Mama Rahima alirudisha sahani ya karanga upande wake.

Rahima hakucheka. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Alinigeukia akaniuliza swali moja: niliiangalia mpaka mwisho? Nikamwambia safu ya juu ilikuwa nzuri.

Akasema: "Hata mimi hujawahi kuniangalia mpaka mwisho, baba. Nikifika kwenye utepe huwa unaangalia simu."

Nikamwambia lazima niangalie simu, saa iko kwenye simu!

Akasema kesho Jumamosi asinione. Akiniona hata unywele, anakaa chini hapo hapo, katikati ya mbio, na Mbeya aende anayetaka. Alisema kwa utulivu. Mtoto huyu akiahidi anatimiza. Mwaka juzi aliapa hatakula maharage na mpaka leo hajala.

Jumamosi, 17 Mei

Nimetii. Kila neno.

Alisema asinione. Hakusema nisimwone yeye. Na mvua ilishaujaza uwanja maji, waandaaji wakahamishia mbio barabarani: kutoka shuleni, kuzunguka mashamba ya chai, kurudi kupitia kwa Andongwisye, ambako utepe wa mwisho unaonekana. Sasa shamba la migomba la Andongwisye ni mali ya mtu binafsi. Nilikuwa mgeni wake halali. Nilikaa ndani kabisa, nyuma ya mgomba mnene, nimejifunika jani kichwani.

Andongwisye alikuja kunitazama. Akasema mwizi wake wa ndizi naye hupenda kukaa hapo hapo, na huwa amejificha vizuri zaidi. Nikamwomba apunguze sauti. Akasema hana nyingine.

Nilikuwa na simu, saa nimeiweka tayari. Wasichana wakatokea kwenye kona ya chai. Nikabonyeza. Haikukubali. Kioo kimelowa! Nikafuta kwa shati, shati limelowa. Nikafuta kwa jani la mgomba. Simu ikampigia Jackson.

Kwa hiyo nikabaki sina cha kuangalia. Nikamwangalia yeye.

Wa kwanza yuko mbali. Wa pili yuko mbali. Wa tatu msichana mrefu wa Lupepo, miguu kama ya korongo. Wa nne Rahima. Mdomo ameufunga. Tope limemfika shingoni. Sikujua kwamba akipanda kilima anafumba jicho moja. Mimi nafanya hivyo nikibeba gunia. Mama yangu anasema baba yangu alifanya hivyo hivyo. Nilisimama pale na jani langu kichwani, napenga kamasi, nadhani ni homa ya ile mvua ya Alhamisi.

Halafu nikaona kiuno.

Sweta! Limelowa, linaning'inia, linampiga magotini! Kilo nzima hiyo! Na yule korongo yuko hatua chache tu mbele, na nafasi ni tatu!

Sijui nilitokaje. Andongwisye anasema niliruka kama kondoo aliyekanyaga siafu. Najua tu nilijikuta barabarani, jani bado liko kichwani, napiga kelele: "Sweta! Tupa sweta!"

Rahima akaniona. Akasimama.

Akasimama wima katikati ya njia. Msichana wa tano akampita. Moyo wangu ukasimama naye. Alinitazama, na nilijua anafikiria kukaa. Magoti yake yalishaanza kukunjika! Mimi nikafunga mdomo. Nikarudisha mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Sijawahi kunyamaza vile tangu nioe.

Akafungua fundo kiunoni, akavuta mkono nyuma, akanirushia.

Lilinipiga usoni. Pwaa! Tope, ukungu, sufu, vyote. Sikuona kitu. Nilisikia miguu tu, ikiondoka, na siyo kwa mwendo wa asilimia nne. Nilipolitoa usoni alishampita aliyempita, na pale kwenye kona ya mwisho alikuwa bega kwa bega na korongo. Nilitazama mpaka mwisho. Simu ilikuwa mfukoni inaongea na Jackson peke yake.

Wa tatu. Kwa kifua. Anakwenda Mbeya!

Andongwisye akanipa mkono. "Ndaga fijo," akaniambia, ahsante sana, maana hajacheka vile tangu mavuno.

Jumapili, 18 Mei

Sherehe ndogo nyumbani. Ndizi, nyama, chai ya maziwa. Ramadhani amelia tena, mara mbili. Anawaambia watu siri ya ushindi ni kumuuliza mtoto anajisikiaje. Mama Rahima anasema siri ni dua ya Bi Tausi. Nilimuuliza Rahima mwenyewe, mbele ya wote. Akasema ni hasira. Lakini alikuwa anatabasamu ndani ya kikombe. Niliona. Niliangalia mpaka mwisho wa kikombe.

Hakuna aliyetaja sweta. Hakuna! Wakati nimelipima: gramu mia nane na arobaini, na tope lake. Parachichi nne na ushei zilizoondolewa mwilini mwa mkimbiaji kwa agizo langu mimi, kwa wakati muafaka. Hesabu ziko wazi. Ningebaki pale niliporuhusiwa, asingekwenda Mbeya.

Nimelifua mwenyewe. Liko juu ya jiko linakauka.

Mipango ya Mbeya imeanza. Viatu vyake nimeshavipima, na vyenyewe ni vizito. Gunia nimelifua pia, safari hii tutapimia ndani ya banda la kupangia mzigo na nitawafukuza wachumaji, kwa hiyo lile lalamiko limekwisha. Jackson ananitafutia filamu nyingine, ya baba aliyeitwa tena kazini. Nimemwambia sirudii kosa. Nimeangalia safu ya juu na ya pili yake.

Lakini kwanza cheo changu. Siwezi kufanya kazi ya mtu ambaye haijulikani kama amefukuzwa. Ule mrusho wa jana ulikuwa wa hasira au wa kikazi? Nimemuuliza Mama Rahima, akasema nikamuulize mrushaji. Nimemuuliza mrushaji kupitia mlangoni, akasema amelala. Aliyelala hasemi amelala!

Kwa hiyo nimesema kwa sauti, sebuleni, kila mtu amesikia, hata Ramadhani aliyekuwa anafungasha nyama. Kesho Jumatatu, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla ya honi ya bodaboda yeyote, nitakuwa nimesimama getini, kichwa wazi, bila kofia ya rangi yoyote. Sweta litakuwa limekauka, nitaliweka kwenye kiti chake. Nataka jibu la moja kwa moja, kama nimerudishwa ukocha. Ndiyo, linakuja kichwani kwangu. Hapana, linafungwa kiunoni. Hakuna jibu la katikati, na ikifika saa kumi na mbili na dakika moja bila jibu, nahesabu ni ndiyo.